Anayetaja Kazi Alipe Chai

Asubuhi ile stesheni ilikuwa imejaa watu wanaokimbilia kupumzika. Walikokota masanduku, walikokota watoto, walilaumiana nani kasahau blanketi, na nyuso walizokunja zilikuwa za watu wanaokwenda vitani, si likizo ya majira ya baridi. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye foleni ya chai, mwanamke mmoja alikuwa amekikodolea macho kifua cha mwanamume asiyemjua.

Msimfikirie vibaya. Alikuwa anatazama kifungo.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa makoti, na wateja wake wote, hata waliomzidi umri, walimwita Fundi tu. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele fupi na kidoti cheusi kidevuni. Alivaa gauni la sufu la zambarau alilojishonea mwenyewe, na shingoni, mahali pa mkufu, alining'iniza tepu ya kupimia ambayo shangazi yake alikuwa ameibembeleza ibaki nyumbani ikakataa. Kifungo cha sweta ya yule mwanamume kilikuwa kimebaki na uzi mmoja. Fundi alivumilia. Foleni ikasogea, kifungo kikacheza. Uvumilivu ukaishia hapo.

"Kaka, samahani. Usitikisike."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya. Ndiyo maana kinataka kuanguka."

Sindano ilikuwa imeshatoka mkobani na uzi umeshapita tunduni. Mwanamume alikuwa mrefu, kwa hiyo alipoinamisha macho kuona anachofanyiwa, aliona kisogo cha mtu. Akakitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Na mimi samahani, dada. Nani alikunyoa hapa nyuma?"

Sindano ikasimama. "Kwa nini?"

"Kuna ngazi hapa. Mtu anaweza kupanda mpaka utosini bila kushika ukuta."

"Na wewe ni nani wa kukagua visogo vya watu stesheni?"

"Kinyozi. Na wewe ni nani wa kunishika kifua mbele ya umma?"

"Fundi wa makoti." Akainama, akakata uzi kwa meno, karibu kabisa na moyo wa mtu. Kinyozi, ambaye hushika vichwa vya wageni kutwa nzima bila kupepesa, alipepesa.

"Mkimaliza kukaguana," ilisema sauti nyuma yao, "huku kuna watu wamekuja kwa ajili ya chai."

Sauti ilikuwa ya shangazi yake Fundi, mjane mnene mwenye kofia ya manyoya na mdomo usiojua likizo. Shangazi alimpima kijana kwa jicho moja, akaridhika, akampa sanduku lake zito alibebe. Ndivyo ilivyotokea wote watatu wakakaa behewa moja.

Treni ilipoacha mji, walianza kuulizana wanakimbia nini.

"Mimi nimeletwa kwa nguvu," alisema Fundi. "Nilisinzia juu ya cherehani."

"Mwambie lote," alisema Shangazi.

"Nikashona mkono wa gauni langu kwenye koti la mteja."

"Alikuja kulichukua akamkuta fundi ameshonewa humo," Shangazi alimalizia. "Nikasema basi, huyu anapumzika. Na wewe, baba?"

Kinyozi alikuna shavu. "Dada yangu mkubwa alinifungia duka, akaficha ufunguo. Tulikuwa msibani. Nilimkumbatia mfiwa, nikamnong'oneza pole, halafu nikamwambia ndevu zake upande wa kushoto zimezidi."

Shangazi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipoiokota alikuwa ameshakuwa hakimu. "Sasa nisikilizeni, wagonjwa nyie. Kuanzia hapa mpaka siku ya kurudi, anayetaja kazi alipe chai. Ya wote. Hakuna vifungo, hakuna visogo. Ukiona koti limepinda, meza mate."

"Na tukisahau?"

"Mtanywesha chai mji mzima."

Mji wenyewe ulikuwa umening'inia ubavuni mwa kilima. Mitaa yake ilikuwa ngazi za mawe, nyumba zake za paa za vigae zilipandiana mabegani, na chini kabisa ziwa lililala, la kijivu, likifuka ukungu kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Baridi ya huko haikuwa na haya. Iliingia kwenye viatu bila kubisha hodi. Nyumba ya wageni aliyofikia Fundi ilikuwa ya mbao, yenye jiko la kuni sebuleni. Ile ya Kinyozi ilikuwa ngazi chache juu yake, na kwa miguu yake mirefu hilo halikuwa jambo.

Kupumzika kuliwashinda mwanzoni. Fundi aliamka kabla ya jua na mikono yake ikawa haina pa kwenda. Alifumwa akipima pazia la mkahawa kwa viganja, akalipa chai. Kinyozi alimwambia mhudumu kwamba aliyemnyoa alikuwa na haraka, akalipa yeye. Mzee mmoja alipita na suruali ya kuburura, Fundi akafumba macho mpaka apite, na Shangazi akasema kufumba nako ni kutaja. Wakabishana nusu saa, chai ikapoa, wakaagiza nyingine.

Halafu, polepole, wakaanza kujua. Wakajua kukaa. Walishuka ngazi asubuhi hadi kandoni mwa ziwa, wakatazama bata wakielea, wakapanda tena. Waligundua kwamba mtu anaweza kuutazama ukungu ukiondoka na akaiita hiyo kazi ya siku nzima. Shangazi, kwa magoti yake, alijitoa katika safari za ngazi; alidai ni magoti.

"Una baridi," Fundi alimwambia siku moja. Kinyozi alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na skafu ndefu ya kijani, na bado meno yake yalikuwa yanapigiana.

"Mimi? Nachangamka tu."

"Mtu anakuja mlimani na sweta mbili. Mama yako alikuaga hivyo?"

"Koti ninalo."

"Liko wapi?"

"Chini ya begi."

"Linapumzika na lenyewe?"

Akacheka, akageuza maneno. Fundi aliona amegeuza, akaliacha lipite, kwa sababu mkono wa Kinyozi ulikuwa umeshika wake na akili haiwezi kufanya mambo mawili.

Jioni hiyo simu ya Kinyozi iliita. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Umelivaa koti?"

"Dada, nina sweta mbili."

"Mdogo wangu, sweta mbili si koti. Ni sweta mbili. Livae lipate faida. Mimi likining'inia kabatini linanitazama."

"Na mtu akiniuliza nimelitoa wapi?"

"Mwambie umepewa, basi. Yale mengine uliniapia, hata mkeo hutamwambia. Kwani yupo mtu wa kukuuliza? Mbona sauti yako imenona?"

"Lala salama, dada."

"Yupo. Ana jina?"

"Lala, dada."

Nanyi msomao mjue sasa kile ambacho Fundi hakukijua: koti lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mchumba wa huyo dada. Mchumba alitoweka wiki moja kabla ya harusi, pamoja na zawadi nyingine zote. Koti tu halikuwa tayari, likaponea. Dada aliinama akapita, akanyanyua kichwa, akaendelea na maisha, ila aibu ile hakutaka itembee mitaani. Mdogo wake alimwapia. Na mdogo wake, pamoja na utani wake wote, alikuwa mtu wa kiapo.

Fundi naye alikuwa na lake. Alilitoa wakiwa wameketi kwenye benchi kando ya ziwa, huku anatazama mbele.

"Niliwahi kuwa na mchumba. Kila mwisho wa mwezi alikuwa safarini, kazi. Siku moja mama mmoja akaja dukani na suruali ya mume wake, nipunguze upindo. Nikaigeuza. Nikaona mshono wangu mwenyewe. Niliipunguza mimi, mwezi mmoja kabla, ikiwa ya mchumba wangu."

Kinyozi aliacha kuwatazama bata.

"Nilipomkabili alieleza. Jamani, alieleza vizuri. Nikamwamini miezi mingine mitatu. Tangu hapo, mtu akisema neno nalisikia, halafu naitazama nguo yake. Watu wananidanganya. Nguo haijawahi."

Halafu Fundi akashtuka, akajipiga paji la uso. "Nimetaja kazi."

"Hiyo haihesabiwi, mpenzi wangu," alisema Kinyozi.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka, na lilitoka bila kujitayarisha. Wote wawili walilisikia. Hakuna aliyelirudisha.

Siku waliyopanga kuvuka ziwa kwa boti, baridi ilikaza kweli. Nyasi za kandoni zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Shangazi alitangaza kwamba magoti yamekataa, akabaki na jiko. Boti lilikuwa linapiga honi ya mwisho, Fundi ameshasimama ukingoni na koti lake jekundu la ukosi mpana, ndipo Kinyozi alipotokea juu ya ngazi akikimbia, skafu ya kijani imemzunguka mpaka masikioni. Na amevaa koti. Hatimaye.

Alilivaa kwa ajili yake. Alitaka apendeze.

Fundi aliona kitu kimoja tu wakati Kinyozi anaruka kuingia botini: mikono. Koti zuri, sufu nzito ya bluu iliyokaribia weusi, lakini mikono yake ilikuwa mifupi. Vifundo vya mikono ya Kinyozi vilikuwa nje, vyekundu kwa baridi, kama vya mtoto aliyekua usiku mmoja. Maneno yalimfika Fundi mpaka kwenye meno. Akakumbuka chai. Akayameza.

Laiti angelipa chai hiyo.

"Umependeza," alisema, na hakusema uongo.

"Sema tena, upepo umelichukua."

"Limeshapita. Ungewahi."

Boti liliacha gati. Upepo ulikata ziwa na kukata watu. Walisimama nyuma, mbali na abiria wengine, na Fundi akagundua glavu zake amezisahau mezani. Kinyozi alifungua koti, akauchukua mkono wake ulioganda, akauingiza ndani, kwenye mfuko wa kifuani.

"Hapo hakuna baridi," alisema. "Hapo hakuna mtu mwingine pia."

Vidole vya Fundi viliteleza juu ya bitana laini, vikapata moto, vikatulia. Halafu vikakutana na nyuzi. Mistari midogo iliyotunisha kidogo kitambaa, herufi moja, nyingine. Havikuhitaji macho. Ndivyo vidole vilivyoyatarizi maneno hayo, majira ya baridi yaliyopita, kwa uzi mwekundu, ndani ya mfuko wa kushoto: *Wako daima.*

Alimkumbuka mteja. Mwanamke mchangamfu mwenye mwanya, aliyekuja na vipimo kwenye kikaratasi kwa sababu alitaka iwe siri. "Ni la mchumba wangu," alikuwa amesema. "Nitarizie hapo karibu na moyo, ajue nimekaa hapo."

Fundi alitoa mkono. Akaitazama safu ya vifungo, tundu zake zilizoshonwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Zilikuwa zake. Angepewa dakika ya kulitazama koti kabla ya boti, angelitambua.

"Nani alikupa koti hili?"

Kinyozi alisita. Kusita kule kulikuwa kwa sekunde moja, lakini Fundi alikuwa ameshaishi na mtu wa kusita, na sekunde hiyo aliijua kwa sura.

"Mtu wa karibu."

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Ila si—"

"Anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyenisukuma nije. Roho yangu, ni hadithi ndefu, na si yangu kuisimulia. Nipe muda nimuulize kwanza."

"Umuulize kama unaweza kunieleza."

"Ndiyo." Akasikia mwenyewe lilivyotoka. "Hapana. Siyo hivyo."

"Mpaka sasa hujaeleza vibaya," alisema Fundi. "Unaelekea kuwa hodari."

Akaenda kukaa mbele, kati ya bibi mwenye kapu na kijana mwenye baiskeli, na huko alikaa kwenda na kurudi. Hakulia. Alikuwa ameshona midomo.

Mchana ule wote simu yake iliita. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza kama mdudu aliyelala chali.

"Pokea," alisema Shangazi.

"Ataeleza."

"Si ndiyo kazi ya simu?"

"Shangazi, nilisikiliza maelezo miezi mitatu. Kesho asubuhi narudi na treni. Wewe baki."

"Nibaki nikapige soga na jiko?"

Ngazi chache juu yao, Kinyozi alikuwa anatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, simu sikioni.

"Dada, nifungue kiapo changu."

"Kipi?"

"Cha koti. Ameliona, amekasirika, hataki kunisikia. Nikimwambia lilikuwa la nani, nimekuvunjia neno. Nisipomwambia, nimempoteza."

"We mjinga," alisema dada, kwa upendo mwingi. "Aibu yangu ni ya kulindwa kuliko ndoa yako? Mwambie. Kwani koti limemfanya nini? Yeye ni nani?"

"Fundi wa makoti."

"Ana kidoti kidevuni? Anavaa tepu shingoni kama mkufu?"

Kinyozi aliketi kitandani.

"Mdogo wangu," alisema dada polepole, "umemvalisha mtu wasiwasi alioushona mwenyewe."

Kinyozi alishuka ngazi mara mbili kumtafuta Fundi. Mara zote mwenye nyumba ya wageni alimwambia Fundi hataki mgeni, na kwamba anaondoka asubuhi. Kinyozi alisimama mlangoni akifikiri. Likizo ile ilikuwa ya kwanza kwa Fundi tangu afungue duka. Kama kuna mtu wa kuuacha mlima, alijiambia, ni yeye Kinyozi, si Fundi.

Asubuhi Fundi alikunja nguo zake kwa hasira, na nguo zilizokunjwa na fundi mwenye hasira hunyooka kuliko zilizopigwa pasi. Shangazi alikaa kitandani na chai yake.

"Na kinachoniuma zaidi," Fundi alisema akishindilia gauni, "ni ile mikono."

"Mikono gani?"

"Ya koti. Mifupi. Vifundo vyote nje. Nilikaa kwenye boti nikaiwaza njia nzima. Kazi yangu mwenyewe, Shangazi. Nikajiuliza, nilikuwa nimelala? Mimi nimekosea kila kitu katika maisha haya, wanaume, nywele, kila kitu. Mkono wa koti sijawahi kukosea."

"Kamwe?"

"Kamwe. Muulize yeyote."

Shangazi alipuliza chai yake, akanywa funda moja, akalimeza taratibu.

"Basi hukukosea," alisema.

Fundi alibaki na soksi mkononi.

Kwa mara ya kwanza tangu wapande treni, alifikiri juu ya kazi kwa makusudi. Akakirudisha kile kikaratasi cha vipimo machoni. Mabega mapana ya kawaida, kifua cha kawaida. Mikono mifupi. Alikumbuka amejisemea wakati ule: mchumba wa huyu dada ana mikono mifupi, anafikaje rafu ya juu. Koti lile lingemkaa mtu barabara, mtu mwingine. Kinyozi alikuwa na mikono ya kuokota kitu barabarani bila kuinama.

"Halikushonwa kwa ajili yake," alisema.

"Haya."

"Ama mimi ni fundi mbovu, ama yeye ni mtu mkweli."

"Na wewe unajijua."

"Jana nilitaka kumwambia. Pale gatini. Ningesema tu mikono mifupi, angesema si langu. Nikanyamaza kwa ajili ya kikombe cha chai."

"Sheria ilikuwa yangu," alikiri Shangazi. "Lawama tugawane. Kimbia."

Alikimbia. Alipanda ngazi na soksi bado mkononi. Mwenye nyumba ya wageni ya juu alikuwa anafagia kibarazani.

"Yule mrefu? Ameondoka sasa hivi. Anapanda treni. Kasema nikuambie usisafiri, ubaki upumzike, mlima ni wako. Na koti hili kaliacha, nimpe mtu mwenye baridi."

Koti lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Fundi alilitwaa. "Mwenye baridi namjua."

Kuelekea stesheni njia ilikuwa ya kushuka tu, na hilo liliwaokoa wote. Fundi aliruka ngazi mbili mbili, koti jekundu limefunguka, la bluu likipepea mkononi, tepu shingoni ikimchapa begani. Simu ikaita. Namba ya mteja. Akapokea bila kusimama.

"Fundi, samahani kukusumbua, ni yule wa mwanya, nilikushonesha koti mwaka jana. Nina jambo la aibu kidogo la kukuambia kuhusu—"

"Usiniambie."

"Ila ni muhimu. Yule kijana ni—"

"Dada, sijui ni nani yako na sitaki uumie kunieleza. Mikono ni mifupi. Nimeshajua."

Kicheko kikubwa upande wa pili, kicheko cha mtu aliyeteremshiwa mzigo. "Ni mdogo wangu. Huyo mwingine alikuwa mfupi kila mahali, Fundi, hata utu. Sasa mbona unahema?"

"Nakimbia."

"Basi kata simu, mama, kimbia."

Stesheni ilikuwa na ukungu na watu. Makoti meusi, makoti ya kahawia, makofia, mvuke wa pumzi. Treni ilikuwa imesimama, milango wazi, na mkaguzi ameshaweka filimbi mdomoni. Fundi alitazama juu ya mabega, chini ya mabega. Kisha akaona, karibu na behewa la mwisho, skafu ya kijani. Sweta mbili. Na kwenye sweta ya juu, kifungo kilichokaa imara kuliko vyote.

"Kinyozi."

Hakupaza sauti. Yeye akageuka tu.

Walisimama wakitazamana. Wa kwanza kuzungumza alikuwa mwanamume, na alianza haraka, kama anayeogopa filimbi. "Nimeshapewa ruhusa. Koti lile lilikuwa la—"

"Nyamaza kwanza. Leta mkono."

Akaleta. Fundi akamvalisha koti palepale, mkono huu, halafu huu, akalivuta mabegani, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama alivyomtazama kila mteja aliyewahi kusimama mbele ya kioo chake. Vifundo vya mikono vilikuwa nje, vyekundu, havina hatia.

"Mikono ya koti lako ni mifupi," alisema.

Macho ya Kinyozi yalikuwa yameanza kung'aa, na haikuwa baridi.

"Umetaja kazi."

"Nimetaja."

"Chai ni juu yako."

"Nitalipa. Nilikuwa na deni la kikombe kimoja tangu jana, na limenigharimu usiku." Akashika kingo za koti. "Niliitazama nguo, ikaniambia ukweli, mimi nikasikia nusu. Nisamehe."

"Na mimi ningesema tu 'ni dada yangu', ningevunja kiapo kidogo nikaokoa boti zima. Nisamehe na mimi."

Filimbi ikalia. Mkaguzi akawaita: "Mrefu, unapanda au hupandi?"

"Sipandi," alisema Kinyozi bila kugeuka.

Treni iliondoka na kiti kitupu, na hakuna aliyeipungia mkono. Kwenye kibanda cha chai pale stesheni Fundi aliagiza vikombe viwili, akalipa. Kinyozi alikishika kikombe kwa viganja vyote, akauacha mvuke umpande usoni.

"Hili halirekebishiki?" aliuliza akinyoosha mikono.

"Halina pindo la kutosha. Nilikata kwa ajili ya mtu mfupi. Tulimpe mwenye baridi, kama ulivyosema. Wewe nitakushonea lako."

"Itachukua muda?"

"Sijui kwenu vinyozi. Kwangu koti zuri linataka mtu aje apimwe mara tatu."

"Mimi mwili wangu ni mgumu kupimika."

"Mara nne, basi."

"Nadhani kila siku." Alikuwa bado anatabasamu, lakini sauti ilikuwa imeacha utani. "Asubuhi na jioni. Tuzeeke ukinipima, Fundi. Na mimi nitakutunzia kisogo hicho mpaka kiwe cheupe, ngazi isionekane tena. Nioe, na mimi nikuoe. Unasemaje?"

Fundi alivua tepu shingoni. Alimpitishia kiunoni, akaikutanisha mbele, akaivuta taratibu mpaka hapakuwa na nafasi ya kutosha kati yao hata ya kikombe.

"Nasema simama wima," alisema. "Naanza."

Bibi muuza chai aligeuka akajifanya anapangusa birika.

Juu ya ngazi za stesheni wakati huo alitokea Shangazi, kofia imepinda, sanduku huku, sanduku huku, anahema kama treni iliyokwisha kuondoka. Magoti yake, ambayo siku zote hizi yalikuwa yanakataa ngazi, yalikuwa yameshuka kilima kizima. Aliwaona. Akaiona tepu. Akaweka masanduku chini kwa kishindo.

"Nimebeba yote haya bure," alisema. "Chumba bado kimelipwa. Na huyo anapima nini hapo hadharani?"

"Koti, Shangazi," alisema Fundi, uso umefichwa kwenye sufu ya bluu.

"Kazi hiyo." Shangazi alivuta kiti, akaketi, akapiga meza kwa kiganja. "Na mimi nataka chai yangu yenye maziwa."